Shambani na Nyumbani: Viroboto wa Maji, Mifugo ya Mtungini



Katika safu hii tumezoea kuzungumza juu ya minazi, mikorosho, mbuzi na kuku. Leo twaleta habari za mifugo midogo mno, hata mia moja yao huweza kukaa katika kijiko kimoja cha chai. Wako watakaocheka. Twawaomba waahirishe kicheko mpaka wamalize kusoma, kwa maana jambo hili lagusa fedha ya mfugaji, na zaidi ya fedha lagusa afya ya vijana wetu wa Kwale, hasa wale wa Msambweni na vijiji vya jirani.

Mifugo hiyo ni viroboto wa maji, nao ni chakula bora cha samaki wa mapambo, yaani wale wafugwao katika matangi ya kioo ili kupendeza macho, kama vile gapi na samaki wa dhahabu. Mtu mwenye subira aweza kuwazalisha samaki hao nyumbani kwake, akawapeleka kwa wenye maduka Ukunda na Mombasa, au kwa wenye mahoteli wapendao kuwa na kidimbwi cha samaki penye bustani. Kazi hii haitaki shamba kubwa. Yataka maji mazuri, uangalifu na chakula. Na katika chakula ndipo wengi washindwapo.

Kwa nini chakula kilicho hai

Samaki mzima hana taabu nyingi, maana hula vitu vya namna nyingi. Taabu ni watoto. Mtoto wa samaki aliyeanguliwa juzi ana mdomo mdogo sana, na wengi wao hawatambui kuwa kitu ni chakula mpaka wakione kinatembea. Ukiwanyunyizia unga, ule usioliwa hushuka chini, huoza, na maji hugeuka kuwa sumu. Ndiyo maana mtu huona watoto mia mbili siku ya Jumatatu, na siku ya Ijumaa akahesabu ishirini.

Kiroboto wa maji hakai chini akangoja kuoza. Huogelea kwa kurukaruka, na mtoto wa samaki humwona, humfukuza, humla. Asipoliwa leo, yu hai hata kesho. Tena ni chakula chenye nguvu, kwa kuwa karibu nusu ya uzito wake, akishakaushwa, ni protini, yaani kile kijengacho mwili.

Wafugaji wa nchi nyingi hutumia mayai makavu ya artemia, mnyama wa jamii hiyo hiyo akaaye katika maji ya chumvi. Mayai hayo hufungwa katika makopo, na mengi hutoka katika ziwa liitwalo Great Salt Lake, Utah, nchini Marekani. Hata hapa Kenya, artemia waliletwa katika miaka ya 1980 wakatiwa katika mabwawa ya chumvi ya kaskazini ya Malindi. Ni chakula kizuri sana. Lakini kopo lataka kununuliwa, na artemia mwenyewe akitiwa katika maji yasiyo na chumvi hufa baada ya saa chache, akaanza kuoza kama ule unga. Kwa mfugaji mdogo wa samaki wa maji matamu, kiroboto wa maji ana faida kubwa zaidi.

Viumbe hawa ni nani

Jina la kiroboto lisimtishe mtu. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Waliitwa hivyo kwa sababu ya mwendo wao wa kuruka. Wala si wadudu. Ni jamii moja na kamba na kaa, jamii ambayo wataalamu huiita gegereka. Wakiwa ndani ya maji hupunga miguu yao daima, na kwa miguu hiyo huchuja bakteria, hamira na mwani mdogo sana wa kijani. Hicho ndicho chakula chao.

Wako wa namna mbili wajulikanao sana na wafugaji. Wa kwanza ni dafinia, ambaye ni mkubwa kidogo na apenda maji yenye ubaridi, kama ya nchi za juu. Wa pili ni moina. Huyu, akiwa mzima, urefu wake haupiti milimita moja, na mtoto wake hafiki hata nusu ya hiyo, kwa hiyo hutosha mdomo wa samaki mchanga. Moina hustawi katika maji ya joto la digrii 24 hadi 31, yaani joto la maji yaliyowekwa kivulini hapa kwetu pwani. Basi mtu wa Msambweni au Diani amfuge moina, asihangaike na dafinia.

Kuzaa kwao ni ajabu. Chakula kikiwa tele, majike huzaa majike wenzao bila ya dume. Moina huanza kuzaa akiwa na umri wa siku nne hadi saba, kisha huzaa tena kila baada ya siku moja na nusu au mbili, na kila mzao waweza kuwa na watoto wanne hadi ishirini na wawili. Mwenye kuku na ahesabu mwenyewe, aone kama yuko kuku wa namna hiyo.

Lakini chakula kikipungua, au maji yakianza kukauka, mambo hubadilika. Ndipo madume huzaliwa, na majike hutoa mayai ya namna nyingine, yenye ganda gumu. Mayai hayo hulala katika tope kavu muda mrefu, jua likiwaka juu yake, mpaka mvua ije. Maji yakiingia, huanguliwa.

Mkazi wa madimbwi yetu

Desturi hiyo ya kulala katika tope si ya viroboto peke yao. Katika madimbwi ya muda ya pwani yetu ya kusini, mpaka kaskazini-mashariki ya Tanzania, yuko samaki aitwaye kwa jina la kitaalamu Nothobranchius palmqvisti, aliyeelezwa mara ya kwanza na mtaalamu wa Uswidi, Einar Lönnberg, mwaka 1907. Hapiti urefu wa kidole. Dume lake lina rangi ya buluu iliyochanganyika na wekundu, na mkia mwekundu kabisa. Jamii ya samaki huyu hutaga mayai ndani ya tope. Dimbwi likikauka, wazazi wote hufa, na mayai hubaki yakingoja mvua ya mwaka mwingine. Wafugaji wa Ulaya na Marekani huwapenda sana samaki wa jamii hii, na wataalamu huwachunguza ili wajue siri ya uzee, kwa kuwa wengine wao huzaliwa, hukua na kuzeeka katika muda wa miezi michache tu.

Na chakula chao kikubwa huko dimbwini ni nini? Ni hao hao gegereka wadogo. Mvua ikinyesha, mlaji na mliwa hutoka katika tope moja. Twasema haya ili mfugaji ajue kuwa jambo tunalomfundisha si geni katika nchi yake. Lipo tangu zamani katika kila dimbwi apitalo akienda shamba.

Hatari iliyo bwawani

Hapa tumefika penye neno kubwa la leo. Wako wanaosema, "Ikiwa viroboto wa maji wako bwawani bure, ya nini kuwafuga mtungini?"

Kijana mmoja wa upande wa Msambweni, afugaye gapi katika matangi manne, alinijia ofisini kwa shughuli ya cheti, na mazungumzo yakafika kwenye samaki.

"Bwana Karani," akasema, "mimi chakula nakitoa bwawani. Naingia mpaka mapajani na chandarua kikuukuu, nakokota, nikipata kikombe narudi. Samaki wangu wanapendeza kweli. Lakini mama amenikataza, kwa sababu nimekojoa damu mara mbili."

"Ukaenda hospitali, ndugu yangu?"

"Nilikwenda. Mara zote mbili nilipewa vidonge, nikapona."

"Na ulipopona ulifanya nini?"

Akatazama chini, akacheka kidogo. "Nilirudi bwawani. Samaki hawangoji, Bwana Karani."

Ugonjwa huo ni kichocho, na Msambweni ni miongoni mwa mahali palipochunguzwa sana na madaktari kwa ajili yake, kwa miaka mingi. Mtu mgonjwa hukojoa majini, na mayai ya mdudu hutoka pamoja na mkojo. Vijidudu vilivyoanguliwa humwingia konokono mdogo wa maji, huzaana ndani yake, kisha hutoka kwa maelfu vikitafuta ngozi ya mtu. Dakika chache zatosha vipenye. Baadaye mtu huona damu katika mkojo, na kama hakutibiwa, ugonjwa huharibu kibofu na figo, na waweza kuleta saratani ya kibofu. Dawa iko, nayo ni prazikwanteli. Dawa hiyo huua wadudu waliomo mwilini. Haimkingi mtu arudiye majini kesho yake. Kwa hiyo kijana yule atapona na kuugua, atapona na kuugua, maadamu chakula cha samaki wake kimo bwawani. Mtungi wa moina ni wa kumtoa bwawani asirudi tena.

Kuipata mbegu

Mbegu huhitajiwa mara moja tu. Aliye na mwenzake afugaye moina aombe kikombe kimoja, na mambo yamekwisha. Asiye na mwenzake ana njia mbili.

Njia ya kwanza ni tope kavu. Wakati wa kiangazi, dimbwi likiwa limekauka kabisa, kwangua udongo wa juu wa pale katikati, kiasi cha kibaba kimoja. Uponde, uchekeche, na utoe kila kombe la konokono utakaloliona, kwa maana konokono wa kichocho naye aweza kulala katika tope. Utie udongo huo katika beseni la maji ya mvua, uweke mahali penye mwanga, nawe utazame kwa muda wa juma moja. Wataonekana viumbe wa namna nyingi. Moina huenda kwa kurukaruka. Yule aendaye kwa mshituko, mwenye mifuko miwili ya mayai mkiani, ni siklopi, mtoe. Wachote moina kwa kijiko, uwaweke mbali.

Njia ya pili ni kuchota bwawani bila kuingia. Simama penye ukingo mkavu, utumie ndoo yenye kamba au wavu wenye mpini mrefu. Nenda asubuhi mapema, kwa sababu vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono kwa wingi zaidi karibu na adhuhuri. Ondoa konokono wote, kisha uache maji hayo siku mbili kamili bila kuyagusa kwa mkono. Vijidudu visivyopata ngozi ya mtu katika muda huo hufa. Moina wataendelea kuishi.

Chombo na maji

Chombo kizuri ni mtungi wa udongo, pipa la plastiki, au tangi dogo la saruji lililokwisha kulowekwa na kumwagwa mara kadhaa. Usitumie debe la bati wala sufuria ya shaba, kwa sababu zinki na shaba huwaua moina. Kina cha maji cha nusu mita chatosha. Weka chombo kivulini, chini ya mwembe au upenuni, mahali ambapo jua la asubuhi hufika kidogo.

Maji ya mvua ni bora. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe wazi siku mbili kwanza. Maji ya kisima yaonjwe. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na moina hawafai katika maji hayo. Sabuni isikaribie kabisa: ndoo, kata na mikono visuuzwe vizuri kabla ya kazi.

Kuwalisha

Kwa pipa la lita 100, twaa kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu, uikoroge katika kikombe cha maji ya vuguvugu, umimine. Au tumia samadi kavu ya ng'ombe, iliyofungwa katika kipande cha gunia na kuning'inizwa ndani ya maji. Lakini uulize kwanza: ng'ombe huyo ameogeshwa dawa ya kupe karibuni? Ikiwa ndivyo, samadi yake iache. Sumu ile iuayo kupe yaweza kuua moina pia.

Ukitumia samadi, ngoja siku mbili tatu mpaka maji yawe na rangi ya chai hafifu, ndipo utie mbegu. Moina ishirini na watano kwa kila lita ni mwanzo mzuri. Maji yakianza kuwa meupe kama ya kunywa, njaa imeingia. Ongeza hamira kidogo. Yakinuka vibaya, umewashibisha kupita kiasi, na hewa ya majini imekwisha. Badili theluthi moja ya maji. Moina wenyewe watakupa habari. Wakigeuka wekundu, jua kuwa hewa ya majini ni haba, kwani wao hutengeneza damu nyekundu zaidi ili wapate kupumua. Ukiona vijitone vyeusi vikielea, ni yale mayai magumu, nayo maana yake ni kuwa wamesongamana au wana njaa.

Kuvuna

Baada ya siku tano hadi kumi, pipa litajaa. Vuna asubuhi, wapandapo juu, kwa kitambaa laini. Usitoe zaidi ya robo kwa siku moja, kwani mwenye pupa hadiriki kula tamu. Wasuuze katika maji safi kabla ya kuwatia katika tangi la samaki, ili uchafu wa samadi usiingie pamoja nao. Wape samaki kiasi watakachokimaliza siku ile.

Weka vyombo viwili siku zote, wala usiridhike na kimoja. Kimoja kikifa, na siku moja kitakufa, cha pili ndicho mbegu yako. Na yale mayai magumu, yakusanye, uyakaushe kivulini, uyaweke katika bahasha. Ni akiba isiyoharibika upesi.

Mbu, na onyo juu ya chandarua

Mtungi wa maji ulioachwa wazi karibu na nyumba ni kitalu cha mbu. Mbu wa homa ya dengi na wa chikungunya hupenda hasa vyombo vya namna hii, na wenyeji wa Mombasa hawajasahau dengi ya mwaka 2013 wala chikungunya ya mwaka 2018. Ni aibu mtu kukimbia kichocho akafuga homa mlangoni kwake. Kwa hiyo kila chombo kifunikwe kwa kitambaa cha pamba chepesi na kufungwa kwa kamba, pasipo mwanya. Kitambaa hicho kitazuia pia kereng'ende asitage humo, maana watoto wake wa majini hula moina kwa pupa.

Lakini kitambaa hicho kisiwe kipande cha chandarua kilichotiwa dawa. Dawa ya chandarua haimdhuru alalaye, ila kwa gegereka ni sumu kali. Chandarua kifanye kazi yake kitandani, na kipande cha leso kuukuu kifanye yake mtungini.

Mwisho, maji ya moina yasichanganywe kamwe na maji ya kunywa, na kata yake isitumike jikoni. Kila amalizapo kazi, mfugaji aoshe mikono kwa sabuni, mbali na mtungi.

Kwa wale watakaotamani kuwafuga samaki wa madimbwi yetu wenyewe, shauri letu ni kwamba kabla ya kuwavua kwa biashara wamwone Afisa wa Uvuvi wa Kaunti, ambaye wazee wetu wangalimwita Bwana Samaki. Atawaambia sheria yasemaje. Na dimbwi lenyewe lisifukiwe ovyo wala lisimwagiwe dawa za shamba, kwa maana tope lake ni ghala. Likiharibika, mbegu ya samaki na mbegu ya chakula chake zimepotea pamoja.

Kijana yule nilimpa kikombe kimoja cha moina kutoka mtungi wangu, na kipande cha leso. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba apimwe tena mkojo baada ya miezi mitatu, akiwa hajatia mguu bwawani. Muda huo haujatimia.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumza juu ya kuhifadhi mbegu za mahindi zisiliwe na fukusi.